RAHISI YA AINA MBILI



Juzi kijana mmoja alinisimamisha kituo cha basi. Akaniambia, "Shikamoo mzee. Nataka kununua bunduki ya upepo, kunguru wananimalizia vifaranga. Fedha yangu si nyingi. Nichukue ipi?" Nilimwambia asikilize redio wiki hii, kwa sababu swali hilo niliwahi kuulizwa zamani, nikalijibu vibaya, na aliyelipia jibu langu hakuwa mimi.

Kabla sijafika huko, niseme jambo moja ambalo halina mjadala. Bunduki ya upepo ni silaha, si mwanasesere. Kabla hujauliza bei dukani, nenda kituo cha polisi ukaulize sheria inasemaje na karatasi gani zinatakiwa. Na wewe unayeishi Kariakoo au Mwembe Tayari, ambako dirisha la jirani liko hatua sita kutoka mlangoni pako, usiifikirie kabisa.

Shemeji yangu ninayetaka kuwasimulia alikuwa na shamba nje ya mji wa Tanga, na karatasi zake zilikuwa sawa. Kazi yake hasa ni fundi cherehani. Mwaka 1994 alianza kufuga kuku, na kunguru wakaanza kufuga tumbo. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka za mji. Naona takataka hazikuwatosha.

Shemeji akaniomba nimtafutie bunduki, kwa kuwa mimi nilikuwa nikisafiri. Nikakuta mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya boksi lenye picha ya simba, na wenzo wa kukokea ubavuni. Juu ya boksi waliandika kwamba inatupa kijirisasi kwa mwendo wa futi 1,000 kwa sekunde. Ya pili ilikuwa kuukuu, ya Kijerumani, ya kuvunja mtutu, rangi imechujuka na kitako kina mikwaruzo. Ile mpya iliuzwa nusu ya bei ya ile kuukuu. Nikajiona mjanja, nikachukua boksi la simba.

Wiki ya tatu shemeji aliikoka, akaingiza kijirisasi kwa kidole gumba. Kijino cha chuma kinachozuia pistoni kikateleza. Mlango wa chemba ukarudi kwa nguvu yote ya springi, ukakata ncha ya kidole hicho. Cha mkono wa kulia, na yeye ni mshonaji. Alikaa zaidi ya miezi miwili bila kushika sindano, na hata leo akitaka kupitisha uzi humwita mtoto. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Baadaye niliifungua bunduki ile kwa fundi baiskeli, mzee mwenye subira. Alikichomoa kile kijino, akakipitishia tupa mara mbili, chuma kikalika kama sabuni. Kilikuwa laini, hakikuchomwa moto kikakomaa. Boksi lilikuwa zuri, picha ya simba ilikuwa nzuri, rangi ya kitako iling'aa. Fedha yote ilikuwa imekwenda kwenye vitu vinavyoonekana.

Kiswahili chetu kina neno moja, rahisi, kwa maana mbili: kisicho na bei kubwa, na kisicho na mambo mengi. Mimi nadhani hapo ndipo penye jibu la kijana wa kituo cha basi. Kuna bunduki iliyo rahisi kwa sababu haina mambo mengi ndani yake, na kuna iliyo rahisi kwa sababu kitu kimeibwa ndani yake. Zote mbili huuzwa bei ya chini, na muuzaji hatakwambia ipi ni ipi.

Tuangalie inavyofanya kazi. Bunduki ya upepo ya springi haina baruti. Unapoikoka, unaisukuma pistoni nyuma, springi inabanwa, kijino kinaishika. Ukivuta kifyatulio, kijino kinaachia, pistoni inakwenda mbele, inaubana upepo, na upepo unakisukuma kijirisasi. Ni pampu ya baiskeli yenye hasira, basi. Vitu vya maana ni vichache: springi, washa ya pistoni, kijino, na mtutu ulionyooka. Bunduki ya bei ndogo iliyotumia fedha yake kwenye hivyo vinne, ikaacha darubini na mapambo, itakufaa miaka mingi.

Sasa hiyo namba ya futi 1,000. Mara nyingi hupatikana kwa kijirisasi chepesi kuliko utakachotumia wewe. Na hata ingekuwa kweli, ingekusaidia nini? Kijirisasi kinachokaribia mwendo wa sauti, ambao ni kama futi 1,100 kwa sekunde, huanza kuyumba. Katika Michezo ya Olimpiki watu wameshindania bunduki za upepo tangu Los Angeles mwaka 1984, kwa umbali wa mita 10, na alama ya kumi ni kitone cha nusu milimita. Vijirisasi vyao hutoka kwa mwendo wa kama mita 170 kwa sekunde, zaidi kidogo tu ya nusu ya majigambo ya lile boksi. Ujerumani sheria humruhusu mtu mzima kununua bila leseni bunduki ya upepo isiyozidi jouli 7.5, nguvu ndogo sana. Kwa hiyo viwanda kama Diana, kilichoanza Rastatt mwaka 1890, na Weihrauch cha Mellrichstadt, katika soko la kwao haviwezi kujigamba kwa nguvu. Hubaki kushindana kwa ulaini wa kifyatulio na unyofu wa mtutu. Wewe uliyeko huku ukiikuta kuukuu yao, ndicho unachonunua.

Msinielewe vibaya kwamba nasema cha Mchina ni kibovu. China hiyohiyo imetengeneza QB78, iliyofuata muundo wa Crosman 160 ya Marekani, na wapigaji wengi huisifu kwa bei yake. Lakini hiyo hutumia vichupa vya gesi, na kabla ya kuichukua jiulize vichupa utavipata wapi baada ya mwaka mmoja. Springi haikudai kitu kila wiki.

Ukiipata kuukuu, usiangalie rangi. Shika mtutu uutikise, usicheze hata kidogo kwenye maungio. Chungulia skrubu: kama vichwa vimeliwa, mikono mingi imepita humo. Omba uijaribu mahali panaporuhusiwa, uiegemeze kwenye gunia la mchanga, upige karatasi mara tano kwa mita 10. Matundu yakikaa ndani ya sarafu moja, umepata. Yakitawanyika kama wageni baada ya pilau, irudishe. Ikitoa moshi na harufu ya mafuta yaliyoungua, mtu ameijaza mafuta ya mashine ili ionekane ina nguvu, na washa huenda imeshaharibika. Uliza pia ukubwa wa kijirisasi, 4.5 au 5.5 milimita, na uhakikishe vinapatikana unakoishi.

Washa yenyewe isikutishe. Nyingi za zamani ni za ngozi, kikombe kama kile cha pampu ya baiskeli, na fundi mzuri anaweza kukukatia nyingine. Kijino laini hakuna fundi wa kukirekebisha kwa uhakika. Hapo acha, hata ukipewa bure.

Na yoyote utakayonunua, yenye wenzo au ya kuvunja mtutu, unapoingiza kijirisasi mkono mmoja uushike wenzo au mtutu, usiuachie mpaka vidole vya mkono wa pili viko nje. Usiifyatue ikiwa tupu, springi inaweza kuvunjika. Usiiache imekokwa usiku kucha. Na watoto wasijue ilipo.

Ile ya Kijerumani niliirudia mwaka uliofuata, nikaikuta bado ipo, hakuna aliyeitaka. Nikamnunulia shemeji kwa fedha yangu. Aliwaangusha kunguru watatu. Baada ya hapo, kunguru wa mtaa mzima wakamjua: akitoka na bunduki hawapo, akitoka na ufagio wamejaa kwenye mwembe, wanamtazama. Mwishowe akanunua waya wa wavu, akafunika banda la vifaranga juu na pembeni. Aliushona mwenyewe kwa koleo na waya mwembamba, kwa vidole vyake tisa na nusu, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya boksi la simba.