LUGHA NI MLANGO: TUWASHIKE MKONO WATOTO WANAOINGIA KIDATO CHA KWANZA

(Maneno haya tuliyatoa mbele ya wazazi na walezi wa Kasanda, baada ya Swala ya Alasiri.)

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Aliyetujaalia akili ya kufahamu na ulimi wa kubainisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, wazazi na walezi. Alitujia kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye jioni huhudhuria madrasa yetu, naye amebeba daftari la Baiolojia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wala hapakuwa na mstari ulioachwa. Tulimwomba atusomee ukurasa mmoja. Akalifunga daftari, akausoma ukurasa wote kwa moyo, kwa Kiingereza, bila kusita. Tulipomuuliza maana yake, aliinamisha kichwa.

Ukurasa ule ulieleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua. Ni usanisinuru ile ile aliyofundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, akaifahamu barabara. Tulipomwambia hivyo alishtuka, akasema: "Kumbe ni hii, ustadhi?" Kijana huyu alikuwa na elimu hiyo tayari kifuani mwake, akaja kuikariri upya kama kitu kigeni, kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha kuwa ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Kuisoma Qur'ani Tukufu kuna thawabu hata kwa asiyefahamu maana yake, ijapokuwa tumehimizwa kuizingatia. Lakini hakuna thawabu wala faida katika kukariri usanisinuru bila kuifahamu. Hili ndilo lililotusimamisha mbele yenu leo.

MTOTO WA LUGHA NNE

Tuitazame safari ya mtoto wetu wa Kasanda. Nyumbani anazaliwa katika Kiha. Akifika darasa la kwanza anakuta Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka 1967. Madrasa anakutana na herufi za Kiarabu. Kisha anafaulu darasa la saba, nyumba nzima inafurahi, na Januari anaingia kidato cha kwanza. Hapo Hisabati, Jiografia na Baiolojia zote zinageuka kuwa za Kiingereza kwa mpigo.

Ni kweli kwamba shule hutoa kozi ya utangulizi ya Kiingereza mwanzoni mwa kidato cha kwanza. Lakini kozi hiyo ni ya wiki chache tu. Ni nani miongoni mwetu aliyejifunza lugha kwa wiki chache, kiasi cha kuweza kusomea elimu nyingine kwa lugha hiyo?

Tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada katika shule zake kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na wengi wetu tumenufaika. Mlango wa fedha umelegezwa. Mlango wa lugha bado ni mzito, na watoto wengi wanasimama mbele yake kimya. Mtoto asiyeelewa hanyooshi mkono. Asiyenyoosha mkono huhesabiwa mzito wa akili. Akishahesabiwa hivyo, naye huamini, akaanza kutoroka, na mwisho hurejea shambani akiwa na uchungu moyoni.

SI JAMBO LA LEO

Tatizo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kuwa wengi hawakukimudu kiasi cha kusomea masomo mengine. Ukafuata mradi wa vitabu vya kusoma uliosaidiwa na Waingereza, ulioanza mwaka 1987. Mjadala uliendelea, na hadi leo lugha ya kufundishia sekondari imebaki kuwa Kiingereza.

Katika mtaala mpya ulioanza mwaka 2024, Kiingereza kinaanza kufundishwa darasa la kwanza, nalo ni jambo la kheri. Lakini mtaala huo huo unafanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wamepangiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na kaka na dada zao wa darasa la saba. Maana yake, wataufikia mlango huu wakiwa wadogo zaidi, na kwa wingi zaidi. Tusingoje siku hiyo ndipo tuanze kutafuta ufunguo.

WENGINE WAMEFANYA NINI

Mkoa wetu umepokea wakimbizi kwa miaka mingi. Majina ya Nyarugusu, Nduta na Mtendeli si mageni masikioni mwenu. Kuanzia mwaka 2007 familia nyingi za Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 zilichukuliwa kutoka kambi za Tanzania kwenda kuishi Marekani, na baadaye Wakongo wengi wa Nyarugusu nao walikwenda. Watoto wao waliingia shule za huko bila Kiingereza, kama wetu wanavyoingia hapa.

Je, walitupwa tu darasani? Sheria ya huko hairuhusu. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, takriban 1,800, waliokuwa wakikaa darasani bila kuifahamu lugha na bila msaada. Mahakama ilisema kuwa kumpa mtoto asiyefahamu lugha kitabu kile kile na mwalimu yule yule si usawa. Kwa hiyo mgeni wa lugha hupimwa kwanza, kisha hupewa masomo ya Kiingereza ya kiwango chake huku akiendelea na masomo mengine. Hatusemi kwamba kila shule ya huko inatimiza hayo ipasavyo. Tunasema kwamba wamekiri kuwa ni haki ya mtoto.

Hata sisi tuliosoma kwa Kiarabu ni mashahidi wa jambo hili. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kina taasisi maalumu ya kuwafundisha Kiarabu wasio Waarabu. Mwanafunzi hupimwa, akapangiwa ngazi yake, na anayeanzia chini huweza kukaa humo miaka miwili kabla ya kuingia kitivo. Ikiwa mtu mzima aliyekwishahitimu sekondari hupewa miaka miwili, vipi mtoto wa miaka kumi na minne apewe wiki chache?

KIINGEREZA SI LUGHA YA DINI FULANI

Wapo wazee wetu waliokuwa wakiogopa lugha hii, wakiiona ni njia ya kumpoteza mtoto. Tunaheshimu hofu yao, kwani ilikuwa na sababu zake. Lakini tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru kijana Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua, naye akayamudu kwa muda mfupi. Lugha ni chombo. Tena tazameni: mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu wa kidato cha nne huandikwa kwa Kiswahili, lakini wa kidato cha sita kwa miaka mingi umekuwa ukiandikwa kwa Kiingereza. Hata anayetaka kubobea katika somo la dini shuleni, mlango ni huo huo.

MASOMO YA KUCHAGUA

Wazazi wengi hutuuliza mtoto achague nini. Kiingereza ni somo la lazima hadi kidato cha nne. Hapo hakuna hiari. Fasihi ya Kiingereza ni somo la hiari katika shule zenye mwalimu wake, na wengi hulikimbia. Ushauri wetu ni kwamba mtoto anayependa kusoma asilikimbie, kwa sababu humlazimisha kusoma vitabu vizima, na lugha huingia kwa kusoma. Kiarabu nacho kimo katika masomo ya mitihani ya taifa. Ulizeni kama shule yenu inacho.

Kwa kidato cha tano kuna tahasusi zenye Kiingereza ndani yake, kama HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi nyingi mpya, zikafika 65 kwa jumla, likiwemo kundi la masomo ya dini. Basi mzazi asichague kwa mazoea. Aende shuleni, akae na mwalimu, aulize mtoto wake ana nguvu wapi.

TUFANYE NINI SISI WENYEWE

Kwanza, kuna miezi baina ya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba na kufunguliwa kwa shule Januari. Kwetu ni miezi ya jembe, mvua zikianza. Hatusemi mtoto aache shamba. Tunaomba saa moja kila siku, baada ya Alasiri. Madrasa ina paa na ubao. Vijana wetu waliomaliza kidato cha nne na cha sita wapo. Maneno matano kwa siku, kwa siku mia moja, ni maneno mia tano. Naye mtoto hataingia darasani mikono mitupu.

Pili, kila mtoto awe na daftari la maneno, yakiwa yamepangwa kwa masomo: upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Neno la Baiolojia likae na maana aliyoijua tangu shule ya msingi. Laiti kijana yule angekuwa na daftari hilo, asingeihangaikia usanisinuru.

Tatu, tununue kamusi ziwe wakfu. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1996. Nakala tatu zikikaa hapa msikitini, zitahudumia watoto wengi, na thawabu zake zitaendelea inshaallah.

Nne, tuzungumze na walimu wa sekondari kwa adabu. Tuwaombe wawaruhusu watoto kujadili jambo kwa Kiswahili kwanza, kisha waliandike kwa Kiingereza. Kumwadhibu mtoto kwa kusema lugha anayoifahamu ni kumnyamazisha, na aliyenyamazishwa hajifunzi kusema.

Tano, mabinti zetu. Mara nyingi binti akishindwa lugha tunasema "basi, aolewe." Tumcheni Mwenyezi Mungu. Tusimhukumu mtoto kuwa hana akili kabla hatujampa ufunguo.

Kijana yule wa daftari la Baiolojia sasa hukaa nasi kila Jumamosi. Anasoma polepole, anauliza kila mstari, na juzi alimweleza mdogo wake somo zima kwa Kiha. Hapo ndipo tulipojua kuwa ameelewa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi tuwe miongoni mwa wanaoifungua, si wanaoifunga. Amin.

Wabillahi tawfiq.