Mzee Akiwa Hai na Kinywa Chake: Wosia, Shamba na Malezi ya Wazee
Hotuba kwa wakazi wa Iguhu



Katika maboma mengi ya Idakho, hati ya shamba ingali na jina la babu aliyekufa zamani. Wana waligawana kwa kuonyeshana mti na mtaro, wajukuu wakajenga, na maisha yakaendelea. Shida huja siku mtu anapotaka mkopo, au anapouza robo ekari alipe karo, au barabara au uchimbaji wa dhahabu unapofika na watu wakauliza fidia ni ya nani. Jina linalotafutwa ni lile lililo kwenye hati, na mwenyewe yuko kaburini.

Wapo wanaosema kuandika wosia ni kujiitia kifo. Hao hao hulipia pikipiki bima bila kungoja ajali.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inatumika tangu Julai 1, 1981, na haidai mengi. Mwenye mali awe mtu mzima mwenye akili timamu. Atie sahihi au alama yake, na mashahidi wawili au zaidi watie sahihi zao. Shahidi asiwe mmoja wa wanaopewa mali, maana anaweza kupoteza alichoachiwa. Anayeoa au kuolewa baada ya kuandika wosia aandike mwingine, kwa sababu ndoa huufuta ule wa kwanza.

Wosia wa mdomo nao unakubalika, lakini mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji awe amefariki ndani ya miezi mitatu. Hapo ndipo familia nyingi huanguka. Mzee alisema maneno yake wakati wa Krismasi, watoto wote wakiwa nyumbani, akafariki Juni. Siku ya kunyoa, ukoo unakaa, kila mtu anakumbuka maneno yale kwa namna yake, na mahakamani hayana nguvu tena kama wosia.

Pasipo wosia, sheria yenyewe hugawa. Mjane aliyeachwa na watoto huchukua vyombo vya nyumba viwe vyake kabisa. Shamba hulitumia maisha yake yote, ila hawezi kuliuza bila idhini ya mahakama. Akiondoka, watoto hugawana sawasawa, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Palipo na wake wawili, kila nyumba huhesabiwa kwa watoto wake, na mama akiwa hai anaongezwa. Mama na watoto 5 ni hesabu ya 6. Mama na watoto 2 ni hesabu ya 3. Basi shamba la ekari 3 huenda ekari 2 kwa nyumba ya kwanza na ekari 1 kwa ya pili.

Sasa malezi. Katika boma la kawaida mmoja yuko Nairobi anatuma pesa, mwingine yuko Mombasa anapiga simu, na binti au mkaza mwana ndiye anayemwogesha mama na kumpeleka hospitali ya Iguhu. Ibara ya 57 ya Katiba inampa mzee haki ya kutunzwa na familia na Serikali. Lakini hesabu ya urithi haiangalii nani aliamka usiku. Binti aliyelea miaka kumi hupata sawa na ndugu aliyerudi kwa mazishi tu, na mkaza mwana hamo katika hesabu hiyo. Mzee anayetaka kumshukuru aliyemlea hana budi kuandika.

Afanye hivyo kumbukumbu ikiwa bado imara. Akili ikishavurugika hawezi tena kuandika wosia wala kutoa uwakili, na watoto watalazimika kuomba mahakama iteue wa kusimamia mali yake. Wakati huo huo ahakikishwe amesajiliwa SHA, na akifika miaka 70 aulizwe kuhusu Inua Jamii, ambayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Kugawa shamba ukiwa hai pia kunawezekana, kwa kibali cha Bodi ya Ardhi na ridhaa ya mke. Tahadhari ni moja: hati ikishahamia kwa mtoto, kuirudisha ni vigumu. Wazee wa kale walijibakizia kipande chao, na walikuwa na sababu.

Kifo kikishatokea, kuuza miti, ng'ombe au kipande cha shamba kabla ya idhini ya mahakama ni kosa. Adhabu ni faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Familia ianze kwa chifu, ikiwa na cheti cha kifo, vitambulisho na nakala ya hati, ipate barua inayotaja warithi wote. Mabinti wasiachwe nje ya barua hiyo, kwani mahakama inaweza kufuta usimamizi uliopatikana kwa kuficha mrithi, hata miaka ikiwa imepita. Kesi hufunguliwa katika mahakama ya Kakamega. Tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la Serikali, na pingamizi husubiriwa siku 30. Kwa kawaida miezi sita hupita tangu usimamizi utolewe hadi mgawanyo uthibitishwe, na hapo ndipo mpimaji anaweza kuitwa shambani.