Mishamo na Msitu Uliosimama
Makazi ya Mishamo, katika Wilaya ya Tanganyika nchini Tanzania, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na misitu ya miombo ikafyekwa kupisha mahindi. Katika eneo hilohilo Watongwe na Wabende waliishi kwa mashamba madogo, uwindaji na asali. Kwao msitu ulikuwa ghala, si kichaka cha kusafisha. Atauliza mtu: mwenye njaa atakula kivuli? Ni swali la haki, maana jembe la Mishamo limelisha wengi. Lakini humohumo wilayani, vijiji vinane vinavyoutunza msitu wa Ntakata vinauza hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu huo, na fedha zake zinajenga zahanati na madarasa. Kilichobaki, na hapa ndipo pagumu, ni nani kijijini anayeamua zitumikeje.