Tusingoje Mtoto Augue Ndipo Tumpime

Wakuu wa afya wa kaunti mlio meza kuu, wakunga wetu, mama zangu na wazee wangu wa Mji wa Kale.

Mmeniita nifungue semina ya kupima madini ya risasi kwa watoto wachanga, nami siwezi kuanza bila kutaja mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa pale mwaka 2007, kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aliuguliwa na mwanawe. Mtoto akatibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo. Risasi ilikuja kuonekana damu ilipopimwa. Wakazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikaurejesha.

Tusidhani hayo ni ya ng'ambo ya Makupa tu, nje ya kisiwa chetu. Risasi hukaa mifupani miaka mingi. Mwanamke akiwa mjamzito, mifupa hutoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo, ikavuka kondo la nyuma. Binti aliyelelewa Owino Uhuru moshi ukifuka, leo huenda ameolewa hapa Kibokoni, na mkunga wa kisiwani ndiye atakayempokea mwanawe.

Wakunga, kitovu kikishakatwa, damu iliyobaki upande wa kondo yatosha kupimwa. Mtoto hachomwi sindano. Kitovu kipanguswe kwanza, na kichupa kiwe kile kisicho na chembe za madini, la sivyo mtapima uchafu wa kichupa. Shirika la Afya Duniani linasema risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe. Hata chini ya hapo hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto.

Na chanzo chaweza kuwa ndani mwetu. Mama zangu, naomba radhi, lakini wanja wa manga tunaowatia watoto machoni, mwingine husagwa kutoka jiwe lenye risasi tele. Mtoto hujifikicha, kisha hunyonya vidole. Arubaini ya mtoto haiharibiki kwa kukosa wanja.

Wakuu wa kaunti, ombi langu ni hili: vichupa vifike wodi za uzazi, sampuli zipate usafiri wa kufika maabara, na majibu yarudi kwa mama kabla hajamaliza kliniki ya chanjo.

Kwa hayo, natamka kuwa semina imefunguliwa rasmi.