Hotuba ya Mwenyekiti: Binti wa Shinyanga na Sanduku Letu

 

Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Tulianza chini ya mwembe, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Wapo waliosema wanawake hawa watagombana mwezi wa pili. Leo hao hao wanatuletea wake zao wajiunge. Wahenga walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe.

Katibu ameshasoma risala ya mapato na matumizi, mimi sitairudia. Nimeombwa niseme juu ya kazi ya mitindo na mavazi, maana mabinti zetu wanaipenda. Elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini kuuliza si ujinga. Basi nitawaeleza habari za binti aliyezaliwa hapa hapa mkoani kwetu Shinyanga, anaitwa Flaviana Matata.

Akiwa bado mtoto, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Nani katika Kanda ya Ziwa hakulia siku ile? Mama yake Flaviana alikuwa mmoja wa waliopotea. Sasa jamani, sisi tunajua mtoto wa kike akifiwa na mama yake huku kwetu mara nyingi inakuwaje. Anapewa wadogo zake awalee, shule inakwisha, baada ya muda mfupi ng'ombe wanahesabiwa. Yeye haikuwa hivyo. Aliendelea na shule, akasomea ufundi umeme katika Chuo cha Ufundi Arusha. Ndiyo, umeme! Kabla ya jukwaa, alishika vitabu.

Mwaka 2007 mashindano ya Miss Universe Tanzania yalifanyika kwa mara ya kwanza, naye akashinda. Akaenda Mexico kwenye mashindano ya dunia akiwa amenyoa nywele zote, kichwa upara, akaingia kumi bora. Wengine hapa mngesema mwanamke bila nywele ni msiba. Majaji wa dunia hawakuona hivyo. Baadaye akafanya kazi ya uanamitindo Afrika Kusini, halafu New York kule Marekani, akavaa nguo za wabunifu wakubwa kama Vivienne Westwood na Tory Burch.

Lakini kilichonigusa ni alichofanya na jina lake. Mwaka 2011 alianzisha taasisi ya kusaidia watoto wa kike wasome. Imesaidia shule ya msingi Msinune kule Bagamoyo, na inashughulikia pia suala la taulo za kike, maana binti asiye nazo anakosa shule siku kadhaa kila mwezi. Akafungua na biashara yake ya rangi za kucha, inaitwa Lavy. Hakungoja uzuri umlishe mpaka uzeeni.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kila binti akawe mwanamitindo. Wanaofika New York ni wachache mno. Ila tukumbuke, nyuma ya kila anayepita jukwaani yupo aliyebuni nguo, yupo aliyekata, yupo aliyeshona. Hapa Tanzania tunaye Asia Idarous Khamsin, mwenye asili ya Zanzibar, ambaye watu wamemzoea kama mama wa mitindo. Amechukua khanga, hii hii tunayojifunga jikoni, akaipandisha jukwaani. Tunaye Mustafa Hassanali, aliyesomea udaktari akawa mbunifu wa mavazi, na mwaka 2008 akaanzisha Swahili Fashion Week pale Dar es Salaam. Na pamba inatoka wapi? Si mashambani kwetu huku Usukumani? Tunailima sisi, sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi, halafu tunanunua kitenge kilichotoka mbali.

Tuje kwetu. Wengi wetu tunafuata dhahabu. Rashi ikitokea, iwe Kahama au Geita, tunahamisha masufuria. Tunapika, tunakopesha chakula, tunaandika kwenye daftari. Rashi ikiisha wachimbaji wanahama na deni letu. Mwenye cherehani haimsumbui sana hiyo. Sare za shule zipo kila Januari, vitenge vya harusi vipo, na mchimbaji suruali yake inachanika kila wiki. Fundi anadai nusu kabla hajakata kitambaa.

Mwenzetu mmoja, simtaji jina, alikuja kikaoni binti yake amemaliza darasa la saba na wazee wa upande wa baba wameshapokea wageni wa posa. Aliomba mkopo amlipie masomo ya ushonaji. Tulibishana mpaka jua likazama, kwa sababu katiba yetu inasema mkopo ni wa biashara tu. Mwisho wanachama watano walimchangia kutoka mifukoni mwao. Leo binti huyo ndiye aliyeshona sare hizi mnazoziona tumevaa. Lakini je, asiye na marafiki watano?

Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha mkoa wetu wa Shinyanga unaongoza nchini kwa ndoa za utotoni, asilimia 59. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo. Hukumu ni nzuri, ila hukumu hailipi ada. Ada inalipwa na sanduku.

Kwa hiyo naleta ombi rasmi. Katika mkutano mkuu ujao tubadilishe kifungu kile, tuwe na mkopo wa masomo na ufundi kwa mabinti, riba nusu ya ile ya biashara, na marejesho yaanze binti akishamaliza mafunzo. Najua wapo wasiotaka. Wanasema masomo hayana faida ya haraka, na fedha ni ya wote. Hoja yao ni ya haki, waje waiseme kikaoni. Mimi nitauliza swali moja tu: ng'ombe wa mahari wanakufa kwa ukame, ufundi wa mkono unakufa kwa nini?

Mgeni Rasmi, kwako naomba utusemee halmashauri, ili fungu la asilimia 4 la wanawake litufikie tununue vyerehani.