Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Njia ya kutengeneza kazi iitwayo Kaizen ilitoka katika viwanda vya Japani. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, Tanzania, ilianza kuifuata kwa hatua tano, na Watanzania wakazipa majina ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mgeni akavishwa kanzu, akawa mwenyeji.

Nasi wa Ukunda yatupasa kufanya vivyo hivyo. Tangu mwaka 2013 zahanati na vituo vya afya vya serikali vi chini ya Kaunti ya Kwale, na wananchi huketi katika kamati zake. Fomu iliyoandikwa mbali yaweza kuuliza kama bomba lipo, isiulize kama maji yatoka, wala kama mama mwenye uchungu hupata gari usiku la kumfikisha Msambweni. Hayo ayajuaye ni mwenyeji.

Basi twawasihi: mkiitwa katika kamati hizo, msikatae, wala msiketi kimya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asipomwonyesha mgeni kisima, wote wawili watalala na kiu.