Picha Kumi na Mbili za Mwaka Mpya



Mwaka mpya ukiingia, watu wengi hujiwekea nadhiri. Mmoja huapa kulipa madeni, wa pili kulima mapema, wa tatu kujifunza kazi mpya. Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mtu apendaye kupiga picha, si kwa kutafuta riziki, bali kwa kuburudisha moyo baada ya kazi ya siku. Mtu huyo ajiwekee azimio gani, ili Desemba ikifika awe na kitu cha kuonyesha?

Twaanza na kosa letu wenyewe, maana mwalimu aufichaye ujinga wake hafundishi vema. Mwaka mmoja tuliazimia kupiga picha kila siku bila kukosa. Januari tulijitahidi sana: tulipiga mapambazuko, ndege, mawe, na watoto wakioga ziwani. Februari tukaanza kuruka siku. Machi mvua za masika zikanyesha, madaftari ya wanafunzi yakarundikana mezani, nasi tukaacha kabisa. Picha tulizokwisha kuzipiga, mamia kwa mamia, zilikuwa zote ndani ya simu moja, bila jina wala tarehe. Siku moja, tulipokuwa tukishuka katika mtumbwi, simu ikatuponyoka, ikazama. Hatukubakiwa na picha hata moja.

Miezi michache baadaye akafariki jirani yetu, mzee mvuvi wa dagaa. Watoto wake wakaja kwetu usiku, wakatuomba picha ya baba yao, kwani walikumbuka kwamba tulimpiga mara nyingi pwani. Tukawa hatuna jibu. Siku ya maziko, picha iliyowekwa karibu na jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho, nayo ilikuwa imekuzwa mno hata uso ukawa kama moshi. Wajukuu wake watamjua babu yao kuwa mtu aliyekodoa macho mbele ya ukuta mweupe. Hawatamwona akicheka huku ameshika wavu begani. Aibu ile ndiyo iliyotufundisha haya tutakayowaambia.

Jambo la kwanza: chagua kitu kimoja. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Asemaye, "Mwaka huu nitapiga picha nzuri," hajasema neno, maana hana kipimo cha kujua kama amefaulu au ameshindwa. Lakini asemaye, "Nitapiga picha ya mwalo wetu kila mwezi, na mwisho wa mwaka nitakuwa na picha kumi na mbili," huyo amejiwekea kazi inayohesabika, nayo i ndani ya uwezo wake.

Tutoe mfano ulio mbele ya macho yetu hapa Mwanza. Kila mtu alijua lile jiwe lisimamalo majini karibu na mji, liitwalo Jiwe la Bismarck. Wageni hulipiga picha mara moja wakaenda zao. Lakini fikiri juu ya kijana asimamaye mahali pale pale, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, akalipiga jiwe lile lile. Picha moja yaonyesha jiwe tu. Picha kumi na mbili zaonyesha maji yakipanda na kushuka, magugu maji yakiletwa na upepo na kuondoka, mawingu ya vuli na ukavu wa kiangazi. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda mno, yakaingia katika nyumba na mashamba ya watu wengi kandokando yake. Aliyekuwa na picha za mwambao wake za kabla ya miaka hiyo ana ushahidi wa mahali maji yalipokuwa. Asiyekuwa nazo ana maneno tu.

Tena, vitu havitungojei. Miaka mingi aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alivuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Kule kungoja kivuko kulikuwa ni soko na baraza: kulikuwa na wauza samaki, wauza matunda, na safu ndefu ya magari juani. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, urefu wake kilometa tatu, na sasa msafiri huvuka kwa dakika chache. Twalifurahia sana daraja. Walakini ambaye hakuipiga picha safu ile ya watu wakingoja hawezi kurudi kuipiga leo.

Na mtu asidharau kazi ya mahali pamoja. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua duka lake la picha, Capital Art Studio, mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaendelea na kazi ile baada yake. Kwa kukaa katika mji mmoja na kupiga watu wake na mitaa yake mwaka baada ya mwaka, wameacha hazina ambayo mpita njia hawezi kuipata.

Jambo la pili: weka siku na saa. Azimio lisilo na siku ni kama mtumbwi usio na kafi. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tuna bahati, kwa kuwa mwaka mzima jua letu huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile. Nuru ya saa moja asubuhi na ya saa kumi na mbili jioni hutoka kando, ni laini, nayo huonyesha umbo la uso na la jiwe. Jua la saa sita husimama utosini, macho ya mtu yakawa mashimo meusi. Kama wataka kupiga taa za wavuvi wa dagaa, tazama mwezi kwanza, kwani wao huvua usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wengi hubaki pwani wakishona nyavu. Usiku huo wa giza iweke kamera juu ya jiwe, usiishike mkononi, maana kamera huhitaji muda kuikusanya nuru ndogo, na mkono ukitikisika kidogo picha huharibika.

Wala usiseme, "Nitaanza nitakapopata kamera ya thamani." Simu uliyo nayo yatosha kwa mwaka huu. Ukishindwa kupiga picha kumi na mbili kwa simu, kamera ya thamani itakuongezea deni tu.

Jambo la tatu: omba ruhusa. Mwanamke aanikaye dagaa si jiwe. Msalimu, mweleze nia yako, na akikataa, mshukuru uende zako. Mahali palipokatazwa, kama kambi za askari, usiinue kamera kabisa.

Jambo la nne, nalo ndilo tulilokosa sisi: andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari dogo, na kwa kila picha uandike ni nani, ni wapi, na ni tarehe gani. Kisha uhifadhi picha mahali pawili, na ile iliyo bora ya mwezi ipeleke mjini ikachapwe juu ya karatasi. Simu huzama, huibiwa na kuharibika. Karatasi iliyo sandukuni, yenye jina nyuma yake, mjukuu ataiokota na kuisoma.

Sasa mtatuuliza, "Nanyi, mwalimu, mmeazimia nini?" Twawajibu. Mwaka huu tumeazimia kupiga wazee kumi na wawili wa mwalo wetu, mzee mmoja kila mwezi, kila mtu katika kazi yake: mshona nyavu, mchonga mitumbwi, mama muuza sato, na wengineo. Kila mmoja tutampa nakala yake mkononi kabla mwezi haujaisha. Picha ya kwanza tumekwisha kuipiga. Ni ya mjane wa yule jirani yetu, ameketi mlangoni akichagua dagaa. Tulipompelekea aliitazama kimya, akaigeuza, akalisoma jina lake nyuma kwa sauti, akaenda kuiweka ndani ya sanduku lake la nguo.

Zimebaki kumi na moja. Nanyi wasikilizaji, kabla ya kulala usiku huu, chagueni kitu chenu kimoja, mkiandike, na chini yake mwandike siku mtakayoanza.

Kwaherini, na mwaka uwe wa heri kwenu nyote.